Mbao Mia na Themanini za Mama Gwantwa

Sogeeni karibu. Na wewe mwenye jibu la haraka, lifunge mdomoni mpaka nimalize, kwa sababu kesi hii imenichosha, na walionichosha zaidi ni watu wanaojibu kabla ya kusikia.

Walikuwapo watu watatu katika mji wetu mdogo huku Rungwe, mahali ambapo mvua ikianza inasahau kuacha. Wa kwanza, Ambilikile, alikuwa na kipaji cha hesabu. Alikuwa akiutazama ukuta kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha anakutajia idadi ya matofali, na ukijenga halizidi wala halipungui hata moja. Wa pili, Tusekile, alikuwa na kipaji cha kuchagua. Aligonga kifaa kwa kucha, akakinusa, akakipitishia kiganja, akajua kama kitadumu miaka thelathini au mitatu. Wa tatu, Gwakisa, kipaji chake kilikuwa mikononi. Kitu kinachovunjika kwa kila mtu, mikononi mwake hakikuvunjika.

Wote watatu walikuwa hawana mahali pa kufanyia kazi. Ambilikile alichora ramani zake kwenye meza ya mgahawa mpaka afukuzwe. Tusekile aliweka sampuli zake za vigae na mbao chini ya kitanda. Gwakisa alipiga randa barazani kwa shemeji yake, ambaye kila asubuhi alimnunia kwa sababu ya vumbi.

Sasa mnisikilize kuhusu Mama Gwantwa. Ni jirani yangu, ua wetu ni mmoja. Mumewe alikuwa seremala, na alipofariki alimwachia vitu viwili: nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, na karakana ndogo kando ya barabara, yenye meza moja ya kazi na vifaa vyake vyote. Nyumba ile iliwahi kupendeza, lakini mbao za kuta zilioza kwa mvua, na kile ambacho mvua ilibakiza mchwa walikimaliza. Masika iliyopita tulihamisha kitanda chake mara tatu tukikimbia maji.

Mwanawe Ipyana anaishi Mbeya mjini. Anampenda mama yake, ila ana maneno ya mtu mwenye haraka. Alimwambia, mvua ya kwanza ikiingia ndani, anakuja na gari kumchukua, na hataki mjadala. Mama Gwantwa hakutaka kwenda. Mumewe kalala nyuma ya ile nyumba, na huko Mbeya angepewa chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa watu wengine.

Akauza ng'ombe wake wote wawili. Hakubakiwa na kingine cha kuuza. Kisha Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, akasema mbele ya kama kumi hivi, nami nikiwamo:

"Atakayenifanya nibaki ndani ya nyumba yangu, karakana ya marehemu ni yake. Nampa mtu mmoja. Kikundi sikitaki."

Tuliomfahamu hatukuuliza kwa nini. Marehemu aliwahi kuitumia karakana ile pamoja na ndugu yake, na ndugu hao walikufa bila kusemezana.

Ambilikile ndiye aliyefika kwanza. Kabla yake alikuwa amepita fundi mmoja wa barabarani, akazidisha urefu wa ukuta kwa kimo chake, akagawa kwa ukubwa wa ubao, akaandika kwenye karatasi bei tamu sana. Ambilikile aliisoma ile karatasi akaguna. Alitueleza kwamba mbao zinazotakiwa ni zile za simenti, zilizotengenezwa kwa saruji na nyuzi, zisizooza wala kuliwa na mchwa. Ila zinapopigiliwa ukutani, ubao wa juu huulalia wa chini kwa vidole viwili ili maji yasipenye. Kwa hiyo ubao unaoulipia wote, ukutani unaonekana pungufu. Yule fundi hakuhesabu vidole viwili. Hakuhesabu hata ile pembetatu ya juu, kati ya ukuta na paa. Mbao zake zingeishia kwenye madirisha, na fedha ya ng'ombe ingeishia hapohapo.

Yeye akapata mbao mia na themanini, na nyingine kumi na nane za akiba, maana mbao hizi huvunjika zikishikwa vibaya. Akaweka misumari, rangi na nauli ya lori. Jumla ikalingana na fedha ya Mama Gwantwa mpaka ikanitisha.

Lakini hesabu hiyo ilimchukua wiki mbili. Wiki mbili nzima, mawingu yanajaa mlimani, Ambilikile anapima na kupima tena, na ukimuuliza anakujibu kwamba pembe za nyumba haziko sawa. Nani katika mji huu ana nyumba yenye pembe sawa? Mama Gwantwa alikuwa ameshaanza kufunga vyombo vyake kwenye maboksi.

Tusekile akatwaa karatasi ya hesabu ya Ambilikile akaenda dukani. Mwenye duka alimtolea mbao nyembamba za bei nafuu, akamwambia ni zilezile, tofauti ni jina tu. Tusekile akamwagia maji mgongoni mwa ubao mmoja, akaketi kusubiri. Ubao ukayanywa maji yale yote, na ukingo wake ukaanza kuvimba. Zilikuwa za dari, za kukaa ndani pakavu. Mtu mwingine angefurahia bei akaondoka nazo, na kufikia mwaka wa pili kuta zingekuwa uji. Alizunguka maduka manne mpaka akapata za nje zenyewe, ngumu, nzito, akabana bei ikarudi ndani ya karatasi ya Ambilikile.

Lakini lori lilipofika, akakuta mbao nane zimemeguka pembe. Nane tu. Gwakisa alimwambia pembe zinakatwa, ukingo unapakwa rangi, kazi inaendelea. Tusekile akasema hapokei, akarudisha lori zima. Tulisimama pale tunalitazama lori likigeuza, na mimi nilitamani kulia. Wiki nyingine ikapotea, na nauli ya kwenda na kurudi ikameza fedha ya zile mbao za akiba. Lori la pili lilileta mia na themanini kamili, nzima zote, hakuna hata moja ya ziada. Ambilikile alimwambia amemlia akiba yake. Tusekile akamjibu kwamba ubao mbovu hauwi akiba.

Ikawa zamu ya Gwakisa, naye alijua kwamba ubao mmoja ukivunjika, kuna tundu ukutani. Alituonyesha kuzibeba zikiwa zimesimama kwa ubavu, watu wawili wawili, kwani ukizibeba zimelala zinakatika katikati kwa uzito wake zenyewe. Kila alipokaribia mwisho wa ubao alitoboa kwanza ndipo akapiga msumari. Mbao mia na themanini, na hakuna iliyopata hata ufa. Nimeishi na mafundi miaka mingi, sijaona jambo hilo mahali pengine.

Lakini siku ya kwanza alipanga mstari wa chini ukigusa udongo. Tusekile alikuwa amesema mapema waache nafasi ya kiganja, ukuta usinywe maji kutoka ardhini. Akamrudia maneno hayo mbele za watu, na kwa sauti. Gwakisa akatia nyundo kwenye mfuko, akaenda kwao, akakaa siku nne. Siku nne za kununa, mvua iko juu ya mlima. Nilikwenda mwenyewe kumbembeleza kama mtoto aliyegoma kula. Akarudi, akabandua mstari ule bila kuvunja kitu, akaanza upya.

Ubao wa mwisho aliupigilia manyunyu yakimdondokea mgongoni. Kabla hajashuka ngazi, mvua yenyewe ikafika, ikanyesha siku mbili bila kupumzika. Siku ya tatu niliingia ndani, nikapitisha mkono kwenye sakafu kila pembe. Ilikuwa kavu. Mama Gwantwa akampigia mwanawe simu akamwambia gari alifanyie shughuli nyingine.

Mngedhani hapo tulicheka tukala. Hatukuwahi. Siku hiyohiyo watatu walifika uani, kila mmoja akidai ufunguo.

Ambilikile akasema, "Mama, kama si hesabu yangu, mbao zingeishia kwenye madirisha na ungekuwa Mbeya leo."

Tusekile akasema, "Kama si mimi, mngempigilia dari ukutani, kisha mkahesabu vizuri jinsi inavyobomoka."

Gwakisa hakuwaangalia wenzake. Alimwambia Mama Gwantwa, "Karatasi ilisema nitavunja kumi na nane. Nimevunja ngapi?"

Kila mmoja alisema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwapo mwongo, kesi ingekwisha kabla ya chai. Nikajaribu njia ya pili, nikataka tutazame makosa badala ya mema, aliyekosea kidogo apewe. Mmoja alitupotezea wiki mbili. Mwingine wiki moja na akiba yote. Wa tatu siku nne, lakini siku nne za mwisho, ambazo zilikuwa na thamani kuliko zote. Nilipima mpaka kichwa kikaniuma.

Na usiniambie wagawane. Nilimwomba Mama Gwantwa alegeze neno lake, akakubali kwa shingo upande wajaribu siku moja. Ambilikile akaigawa meza ya marehemu kwa chaki mafungu matatu. Tusekile akasema fungu lenye mwanga wa dirisha halilingani na mengine. Gwakisa akafuta chaki kwa kiganja chake, akalala juu ya meza. Kabla ya saa sita walikuwa wameshatajiana mpaka wazazi. Mama Gwantwa alifunga mlango akarudi na ufunguo wake, na sikumlaumu.

Kisha Ipyana akapiga simu. Amepata mnunuzi wa karakana. Anasema mama yake ana mpaka Jumamosi: kama hajamkabidhi mtu ufunguo mbele ya mashahidi, inauzwa, na vifaa vya baba yake vyote ndani. Mama Gwantwa alikuwa ameshamkatalia mwanawe mara moja, kumkatalia mara ya pili hakuweza. Hapo atakayekuwa amepata ni mgeni asiyepiga hata msumari mmoja, na Mama Gwantwa atakuwa amevunja neno alilolisema mbele ya watu kumi.

Jumamosi ikafika. Ipyana amekaa barazani, anatazama saa. Ambilikile amesimama karibu na kisima, Tusekile yuko langoni, Gwakisa ameegemea ukuta alioupigilia mwenyewe. Hawasalimiani. Mama Gwantwa akanivuta pembeni akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Mama Lugano, mimi nimeshindwa. Wote watatu ndio walionibakiza hapa, na nikimtazama mmoja nawaonea haya wawili. Wewe uliona kila kitu. Mpe unayemwona anastahili, nami nitasema ndiyo."

Nilimwambia anisubiri nivute pumzi. Nikatembea hatua tano, nikasimama. Nilimtazama wa kisimani, nikamtazama wa langoni, nikamtazama wa ukutani. Wote walikuwa wananitazama mimi, na kila mmoja, naapa, alikuwa na uso wa mtu anayejua kwamba nitamwendea yeye.

Sasa lile jibu lako la haraka, lifungulie mdomo. Ufunguo nimekupa wewe, na Ipyana ameshasimama. Utamwendea nani? Na ukishamkabidhi, geuka: wale wawili wako palepale nyuma yako. Utawaambia nini?