Siku Jumbe Nyati Alipoutoa Mji Wake

Hapo kale, wanangu, enzi ambazo mimi sikuziona, wala aliyenisimulia hakuziona, wanyama walikuwa na nyumba zenye milango, mashamba yenye mipaka, na jumbe wa kuwatawala. Mji wao uliitwa Mtamani, kwa kuwa walilima mtama. Jumbe wao alikuwa Nyati.

Kila asubuhi wakazi wa Mtamani walishika njia moja kwenda shambani, na njia hiyo ilipita mlangoni kwa Bi Kobe. Bi Kobe alikuwa mzee, tena mpweke. Watoto wake walikwisha kuhamia mbali, na miguu yake haikuweza kumfikisha popote kabla ya jua kutua. Kwa hiyo yeye hakuwaendea watu. Watu ndio waliompitia. Alitandika mkeka mlangoni, akaweka birika la tangawizi, akangoja.

"Shikamoo, Bi Kobe!"

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, bibi."

"Na goti?"

"Linanisumbua kidogo."

"Likande kwa maji ya moto. Na mtoto, kikohozi kimeachia?"

"Kimeachia, ila sasa anakoroma kama baba yake."

"Hahaa! Nenda, mwanangu, nenda. Jua linakuacha."

Lilikuwa jambo dogo tu. Lakini aliyefika pale amekunja uso aliondoka ameukunjua. Naye Bi Kobe, alipowaona wa mwisho wakipotea ndani ya mtama, alijifunga kanga vizuri akasema, "Leo nimeshiba," ingawa hajatia kitu kinywani.

Sasa, tumtendee haki Jumbe Nyati. Hakuwa mjinga, na malalamiko yake hayakuwa uongo mtupu. Ni kweli kwamba salamu za Mtamani zilikuwa ndefu. Ni kweli pia kwamba msimu ule ndege waitwao kwelea walifika shambani kabla ya wenye shamba, wakala. Nyati aliyaunganisha mambo hayo mawili, akaona amekwisha kumpata mkosaji.

Akapiga ngoma. Puu! Puu! Puu!

"Sikilizeni!" akanguruma. "Kuanzia leo nafuta maneno yasiyo na kazi. Shikamoo, marahaba, hodi, pole, umeamkaje, yote nayafuta! Hapa Mtamani hakuna tena neno la mchezo. Kila neno litakalosemwa ni neno la kazi, na msemaji atafungwa nalo. Mkosaji nitamsamehe mara moja. Akirudia, anahamia ng'ambo ya korongo!"

"Hata 'lala salama,' Bwana Jumbe?" ikauliza sauti nyembamba kutoka juu ya paa. Alikuwa Kindi, mdogo wa mwili, mrefu wa mkia, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Hata hiyo! Usalama wa usingizi wako ni kazi yako mwenyewe!"

Basi mji ukanyamaza. Watu walipishana njiani kama magogo yanayoelea mtoni. Walifika shambani mapema, hilo siwezi kulikana. Lakini kwelea nao walikuja vilevile, na safari hii hakuna aliyemwambia mwenzake wametua upande gani. Mtama ukaliwa kama kabla ya sheria.

Bi Kobe alisamehewa siku ya kwanza, aliposema "marahaba" kwa mazoea, hata kabla ya kusalimiwa. Baada ya hapo akajizuia. Alikaa mlangoni, mikono mapajani, akitazama miguu ikipita.

Kisha akapita Ngiri, askari wa jumbe. Vumbi likamwingia puani. "Chyaaa!" akapiga chafya.

"Pole, mwanangu," akasema Bi Kobe.

Ngiri akasimama. Akageuka. "Umesemaje?"

"Ole wangu," akanong'ona Bi Kobe.

"Si hilo. La kwanza."

Kindi alipopata habari, alishuka mbio, parakacha-parakacha, hadi kwenye mkeka wa Bi Kobe.

"Bibi, kesho unashtakiwa."

"Najua. Unafikiri nitafika ng'ambo ya korongo lini, Kindi? Kwa mwendo wangu?"

"Hufiki. Na ukifika, hurudi."

"Kule hakuna njia," akasema Bi Kobe. "Kukaa bila nyumba nitaweza, nyumba ninayo mgongoni. Lakini kukaa mahali asipopita mtu..."

Kindi akakuna sikio. "Nipe mpaka kesho. Sijawahi kumwona mtu anayechukia michezo kiasi kile bila kuwa na mmoja anaouficha."

Hilo, wanangu, lilikuwa dhana tu, na dhana si ushahidi. Kwa hiyo Kindi akaenda kuutafuta ushahidi. Alasiri ile ile alipanda paa la jumbe, akajilaza juu ya makuti, akatega sikio.

Ndani, Nyati alikuwa ameketi kwenye kigoda, kwato zake zimo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Macho ameyafumba. Mkewe, Mama Nyati, alikuwa akipepeta mtama.

"Kitendawili!" akasema Mama Nyati.

"Tega!" Nyati akaitikia, na sauti ile nene ikawa nyororo kama ya ndama. "Tega, mke wangu, tega!"

Alitegewa, akashindwa. "Nipe mji," akasema Mama Nyati, kama desturi inavyotaka kwa anayeshindwa. Nyati akampa mji, akacheka mpaka maji yakamwagika kutoka kwenye beseni, chwaa!

Kindi akashuka taratibu, akiuma mkia wake asije akacheka.

Kesho yake mji mzima ulikusanyika barazani kwa jumbe. Bi Kobe aliletwa kwenye toroli, maana wangemngoja atembee, hukumu ingetoka msimu ujao.

"Askari, toa ushahidi!" akasema Nyati.

Ngiri akajisafisha koo. "Nilipiga chafya, Bwana Jumbe. Mshtakiwa akaniambia, 'Pole, mwanangu.'"

"Naomba kumuuliza shahidi," akasema Kindi, akiruka juu ya ukingo wa baraza. "Bwana Askari, ulikuwa mgonjwa?"

"La. Vumbi tu."

"Na ulipopewa pole, ulijisikiaje?"

Ngiri akatazama kwato zake. "Vi... vizuri kidogo."

Watu wakaguna. "Kimya!" akafoka Nyati, akipiga kwato chini, tih! "Kujisikia vizuri si kazi! Mshtakiwa amerudia kosa. Kabla sijahukumu, kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo," akasema Kindi. "Moja tu."

"Sema upesi!"

Kindi akavuta pumzi, akalitoa neno lake kwa sauti tamu, ya mtu aliyetulia nyumbani kwake alasiri: "Kitendawili!"

"Tega!" akaitikia Nyati.

Lo! Baraza zima likapigwa na butwaa. Neno lilikuwa limemponyoka Nyati kabla hajalikamata.

"Neno la mchezo!" akapiga kelele Ngiri. "Mkamateni Kindi!"

"Taratibu, Bwana Askari," akasema Kindi. "Ukimkamata aliyesema 'kitendawili,' mkamate na aliyesema 'tega.' Utaanza na yupi?"

Ngiri akazitazama pembe za jumbe. Akaona ni busara akae chini.

Nyati naye alikuwa taabani. Masikio yalimcheza, mkia ulimcheza. Kitendawili kilichotangazwa kisha kisitegwe kilimwasha kama upupu.

"Ahem," akasema. "Kwa kuwa umekwisha kuanza, malizia. Huu ni... huu ni uchunguzi wa baraza."

"Ni uchunguzi wa baraza," akakubali Kindi kwa heshima zote. "Basi sikiliza, Bwana Jumbe. Nawagawia wapita njia wote, na kapu langu halipungui. Siku nisipogawa, nalala na njaa."

"Maji ya chemchemi!"

"Hapana. Chemchemi hupungua kiangazi, nawe umewahi kuichimba mwenyewe."

"Moto! Ukimpa jirani kaa la moto, wako haupungui!"

Watu wakatikisa vichwa, maana jibu lile lilikuwa zuri. Hata Kindi alilifikiria kabla ya kulikataa. "Karibu sana, Bwana Jumbe. Lakini moto hufa kwa kukosa kuni, haufi kwa kukosa kugawiwa. Nusu ya kwanza umeipata. Ya pili imekukataa."

"Kivuli! Upepo! Harufu ya chakula!" Nyati alikuwa amesimama sasa, jasho linamtoka, amesahau mashtaka, amesahau baraza. "Ngoja! Usiseme! La... Aa! Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Majanimabichi!"

"Siutaki. Una mbu."

"Nakupa Ng'ambo ya Mto!"

"Siutaki. Nikienda nitaloa mkia."

"We Kindi una maringo!" Nyati akacheka kwa sauti kubwa. "Haya, nakupa Mtamani, na vyote vilivyomo!"

"Mtamani naupokea," akasema Kindi. "Na jibu ni salamu."

"Salamu!" Nyati akajipiga paji la uso. "Salamu, kumbe! Nawagawia wapita njia... aisee, kizuri hicho!" Kisha akawaona watu. Kisha akamwona Bi Kobe ndani ya toroli.

"Asanteni wote kwa kushuhudia," akasema Kindi, akiwageukia watu. "Jumbe wetu ametoa Mtamani na vyote vilivyomo, nami nimeupokea. Bwana Jumbe, tafadhali unipishe kwenye kigoda."

"Nini!" akanguruma Nyati, na vumbi likatimka. "Ule ulikuwa mchezo!"

"Mchezo? Sheria yako inasema hapa hakuna tena neno la mchezo. Kila neno ni la kazi, na msemaji atafungwa nalo. Si mimi niliyeitunga."

"Nasema ulikuwa mchezo!"

"Kama ulikuwa mchezo, umevunja sheria. Swali linalobaki ni moja: ni mara yako ya kwanza, usamehewe, au umerudia? Mama Nyati, naomba msaada wako."

Mama Nyati alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni, mabega yakimtikisika. "Mara ya kwanza?" akasema. "Jamani! Huyu tangu anioe, kila alasiri 'tega, tega!' Miji amenipa mpaka nimechoka, na hata banda la kuku sijaliona!"

Baraza likapasuka kwa kicheko. Hata Ngiri alicheka, na alipojaribu kujizuia, kikamtokea puani.

Kindi hakucheka. Alisogea karibu na Nyati, akapunguza sauti. "Bwana Jumbe, kama neno lako lilikuwa la kazi, mji ni wangu. Kama lilikuwa la mchezo, unahamia ng'ambo ya korongo pamoja na Bi Kobe. Chagua."

Nyati akatazama beseni lake lililoanikwa ukutani, akamtazama mkewe, akatazama korongo lile kwa mbali, kavu, lisilo na njia.

"Hakuna lingine?" akauliza polepole.

"Lipo. Sheria ikifutwa, mchezo unarudi kuwa mchezo. Mji unabaki wako, alasiri zako zinabaki zako, na Bi Kobe anabaki mlangoni pake."

"Na kwelea je?" akauliza Nyati, na hilo, kusema kweli, lilikuwa swali la haki. "Watu watasimama kusalimiana mpaka mtama wote uishe!"

Kindi akakuna sikio. Ndipo Bi Kobe alipoinua shingo kutoka ndani ya toroli.

"Mwanangu," akasema, "ungeniuliza mimi kabla ya kupiga ngoma. Wakienda shambani, wanisalimu wakitembea. Shikamoo, marahaba, basi. Habari za magoti na vikohozi watanipa jioni wakirudi. Mimi nipo tu. Siendi popote."

Watu wakaanza kukubali mmoja mmoja: "Hilo linawezekana." "Tena jioni kuna nafasi ya kukaa." "Na tangawizi itakuwapo, bibi?"

"Itakuwapo," akasema Bi Kobe.

Nyati akaichukua ngoma mwenyewe. Puu! Puu! "Sheria ya maneno yasiyo na kazi nimeifuta!" akatangaza. Kindi naye, mbele ya watu wote, akaurudisha mji wa Mtamani kwa mwenyewe, akisema kwamba hata hivyo kigoda kilikuwa kirefu mno kwake.

Kulipokucha, Bi Kobe alitandika mkeka wake. Wakapita wa kwanza wakitembea, "Shikamoo!" "Marahaba!" wakapita wa katikati, wakapita wa mwisho. Nyuma yao wote akaja Nyati, tih, tih, tih, macho mbele kama mtu mwenye haraka.

"Umeamkaje, Bwana Jumbe?"

"Salama," akajibu Nyati, akapita.

Alikwenda hatua chache. Akasimama. Akajikuna shingo kwa pembe, akatazama kama kuna mtu anayemwona, akarudi.

"Na wewe, bibi," akasema, "umeamkaje?"

Bi Kobe akamtazama juu, kwa sababu Nyati alikuwa mrefu na yeye yuko chini kabisa. "Nimeamka vizuri, mwanangu. Leo nimeshiba mapema."

Wapo wanaosema kwamba tangu siku ile Nyati alikuwa mpole daima. Mimi sina ushahidi wa hilo, na wala silidai. Kwamba alirudi nyuma kumuuliza Bi Kobe, hilo Kindi aliliona kwa macho yake kutoka juu ya paa.

Hadithi yangu naitua hapa, na funzo lake ni hili: anayetaka kuzifuta furaha ndogo za wenziwe, kwanza aitaje hadharani ile yake.