Bi Pimbi Kwenye Matanga Yake Mwenyewe

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa Fisi, karani wa wastaafu!
Maskini wazee!
Mnajua wenyewe. Haya, sogeeni.

Hapo kale wanyama walipitisha sheria: mnyama akizeeka, serikali ya Simba impe kikapu cha mtama kila mwezi, na dawa bure. Sheria nzuri kabisa! Ila waliyemweka dirishani kugawa ni Fisi. Sijui siku hiyo walikunywa nini.

Bi Pimbi alilinda majabali miaka thelathini. Sasa kazeeka, kifua kinambana. Kho! Kho! Kho! Bila dawa hapumui. Akajikongoja mpaka dirishani.

"Naomba dawa yangu, mwanangu."

Fisi, bila hata shikamoo, akafunua daftari: paa, paa, paa.

"Bi Pimbi? Umekufa."

"Mimi? Lini?"

"Mwezi jana. Imeandikwa."

"Lakini si mimi huyu hapa?"

"Bibi, daftari halidanganyi. Anayefuata!"

Akaja Mzee Kobe. "Umekufa." Akaja Bi Korongo. "Umekufa." Na vikapu vya marehemu? Vyote ghalani kwa Fisi, na tumbo lake linaburuzika chini: buruu, buruu.

Wazee wakalia. Bi Pimbi hakulia. Akakohoa, akawaza, akakohoa tena, akarudi dirishani.

"Mwanangu, nimekubali. Nimekufa. Tuandikie vyeti basi, sisi marehemu wote."

Fisi akacheka mpaka machozi. Akaandika haraka haraka: amekufa, mtoa taarifa Fisi. Mhuri, ndu! Amekufa, mtoa taarifa Fisi. Mhuri, ndu!

Sasa, mila ya wanyama ni hivi: anayetoa taarifa ya kifo ndiye mwenye msiba. Matanga hukaa kwake, na waombolezaji hula kwake. Fisi, kwa ulafi wake, alisahau. Bi Pimbi hakusahau: usiku huohuo akavitembeza vyeti kwa koo zote.

Asubuhi anapiga mswaki, akasikia: "Uwiii! Uwiii! Bi Pimbi wetu!" Pimbi mia mbili uani!

"Pole sana, mfiwa. Chai iko wapi?"

Nyuma yao kobe, ukoo mzima. Nyuma yao korongo. Wakatandika mikeka. Wakalia kidogo, wakala. Wakalia kidogo, wakala. Katikati yao Bi Pimbi, kajifunga kaniki, analia kuliko wote.

"Alikuwa mwema yule! Niongezeeni uji."

Siku ya tatu ghala jeupe, hata punje hamna. Siku ya nne akaja Simba mwenyewe kutoa pole. Akachungulia sufuria. Tupu.

"Mwenye msiba," akasema, akiyatazama mapaja ya Fisi, "nyama iko wapi?"

Fisi akaruka. "Mfalme, hakuna msiba! Bi Pimbi hajafa! Yule pale!"

"Na Kobe?"

"Mzima!"

"Na Korongo?"

"Mzima! Wote wazima! Niliwaua mimi, kwa kalamu!"

Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele. Simba akamnyang'anya daftari, akampa Bi Pimbi. Tangu siku hiyo dirishani kakaa bibi, na Fisi anabeba vikapu mgongoni, mlango kwa mlango. Kila akifika hupiga magoti: "Shikamoo, bibi. Shikamoo, babu." Na Bi Pimbi kanywa dawa yake, anapumua vizuri, raha tele!

Funzo, wajukuu: karani akikwambia umekufa, usibishane. Nenda nyumbani, ufe kwa adabu, usiisumbue ofisi.

Ngano yangu imestaafu. Aliye hai aseme: nipo!
Tupo!