Friji ya Saumu na Jina la Mtoto

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana umeme ulikuwa umekwisha kufika Muheza, aliishi mwanamke aitwaye Saumu binti Omari Kihiyo na mumewe, Salehe Mhina. Mimba ya kwanza ya Saumu iliharibika kwa ugonjwa wa sukari. Alipopata ya pili, nesi alimpa dawa ya sindano, akamwonya: "Iweke kwenye ubaridi. Isipate joto, na isigande. Hii ikiharibika, huku hatuna nyingine."

Nyumbani mlikuwa na friji. Friji ikagoma. Ilinguruma mchana kutwa bila kupumzika. Juu barafu ilijaa hata kijimlango chake hakikufunga. Chini maji yalikuwa ya uvuguvugu. Saumu akaishika chupa ya dawa, akahisi ubaridi unaiacha. Akaweka nadhiri mbele ya majirani: "Atakayetuvusha katika shida hii, mtoto wangu atapewa jina lake."

Salehe akachukua kisu aichokonoe barafu. Mdogo wake, Zahoro Mhina, akamkamata mkono.

"Kaka, nyuma ya barafu hiyo mna bomba la gesi. Ukilitoboa, hili litakuwa kabati la nguo."

"Niachie mkono."

"Kwanza wewe achia kisu."

Salehe akakiachia. Zahoro akachomoa waya ukutani, akafungua mlango, akaweka ndani bakuli la maji ya moto. Barafu ikadondoka yenyewe.

Lakini ikaachwa imezimwa mpaka apatikane fundi, na friji iliyozimwa haitunzi dawa. Akaja jirani, Mbaruku Shemhilu, mshona viatu. Akaitia chupa katika mfuko wa nailoni, akaufunga, akautumbukiza katika mtungi wa maji. Mtungi akauvisha gunia bichi, akauweka penye upepo. Gunia likikauka, analowesha. Likikauka, analowesha. Saumu akaendelea kuchoma sindano zake, na sukari haikupanda.

Ndipo akaitwa fundi, Hizza Semkiwa. Yule wa Pongwe, si yule wa Maramba. Akafunga mlango wa friji juu ya kipande cha gazeti, akakivuta. Kikatoka bila ubishi.

"Mpira wa mlango umekakamaa," akasema. "Joto linaingia, unyevu unageuka barafu, na barafu inazuia ubaridi kushuka."

Akaukanda mpira kwa maji ya moto mpaka ukalainika, akaunyoosha, akajaribu tena. Gazeti likashikwa, likachanika. Akachomeka waya. Friji ikapoa, na dawa ikarudi mahali pake.

Saumu akajifungua salama, mtoto wa kiume. Siku ya saba mbuzi akachinjwa, shehe akaja, na wale watatu wakaja.

Zahoro akasema, "Shemeji, bila mimi friji ilikuwa maiti. Hizza angeitwa kuzika, si kutengeneza."

Hizza akasema, "Kushika mkono wa mtu si ufundi. Hata polisi anaweza. Barafu uliyoyeyusha ingerudi ileile. Aliyeondoa ugonjwa ni mimi."

Mbaruku akasema, "Mimi friji yenu sikuigusa, wala siijui. Lakini mama huyu hakuwa akijichoma friji. Alikuwa akijichoma dawa, na dawa ilikuwa kwangu."

"Mtungi wako ungeitunza mpaka lini, Mzee Mbaruku?" Hizza akamuuliza.

"Mpaka ulipofika wewe, mwanangu. Ulichelewa."

Salehe akakohoa. "Na jina la marehemu baba yangu je?"

"Wewe nyamaza," Saumu akamwambia. "Tungekufuata wewe, leo tusingekuwa na mtoto wa kumpa jina."

Shehe akampokea mtoto, akainama kwenye sikio lake la kulia, akamwadhinia. Kisha akainua uso. "Nipeni jina. Moja tu."

Saumu akamtazama Zahoro aliyezuia. Akamtazama Mbaruku aliyetunza. Akamtazama Hizza aliyetengeneza. Nadhiri aliiweka mwenyewe, na kwa kinywa chake.

Enyi mliosikia, shehe anangoja na mtoto yuko mikononi mwake: je, aitwe nani?