Kibuyu cha Uji Uliochacha

Wametusimulia waliotutangulia, nao waliyapokea kwa wazee wao, ya kuwa katika nchi ya Yamani, kwenye mji mdogo wa bondeni, alikuwako mja mmoja akiitwa Nufaili bin Dhamra. Kazi yake ilikuwa kushona mahema ya singa za mbuzi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mkono mwepesi wa kutoa, na zaidi ya yote alijulikana kwa saumu. Miaka kumi na tisa alifunga kila siku, isipokuwa zile siku ambazo sheria imekataza kufunga. Watu walimwita Mfungaji, hata wageni wa misafara wakawa hawalijui jina alilopewa na babake.

Ikawa desturi ya mji ule kwamba jua likikaribia kuzama, watu hukusanyika barazani kwake. Huyu analeta tende, yule analeta maziwa, mwingine analeta mtoto wake mwenye homa. Nufaili akishafungua kinywa humwombea kila mtu haja yake, na watu huondoka wametulia nyoyo. Mkewe Atika, mwanamke wa maneno ya kukata, alikuwa akifagia kokwa za tende na kusema, "Mume wangu anafunga yeye, anayefagia ni mimi. Sijui thawabu zinagawanywaje." Nufaili hucheka tu.

Basi Mwenyezi Mungu alipotaka kumjaribu, alimjaribu hapo hapo tumboni. Yakamwanza maumivu chini ya kifua, kama kaa la moto limewekwa pale na mtu analipulizia. Adhuhuri ikiingia humlazimu aweke sindano chini na kujikunja. Akila kidogo usiku hutulia, kisha alfajiri likawaka tena. Akakonda, macho yakaingia ndani. Alivumilia miezi, akidhani uvumilivu ndio huo.

Atika ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa Bi Lubaba binti Afifu. Huyu alikuwa ajuza mjane, mjuzi wa mizizi na maganda, aliyekuwa akitibu kwa ajili ya Mola wake bila kuchukua ujira. Sharti lake lilikuwa moja tu: lililosemwa baina yake na mgonjwa hulizika palepale. Hata Atika alitolewa nje.

Bi Lubaba akamgusa tumbo, akamuuliza saa za maumivu, akamwangalia ulimi. Akasema, "Mwanangu, ndani mna kidonda. Nitakupikia uji wa shayiri, mwepesi kama maji ya mchele, niutie asali ya mkunazi. Utakunywa kikombe baada ya alfajiri, kikombe adhuhuri, kikombe alasiri, ungali na uvuguvugu. Kabla ya kulala utakunywa maji ya mzizi wa susi, ule mtamu wanaotafuna watoto. Siki usiiguse. Pilipili usiione. Na njaa, mwanangu, njaa uiache kabisa siku arobaini."

Nufaili akasema, "Bibi, mimi ni mtu wa kufunga."

"Najua. Nani asiyejua? Lakini hii si Ramadhani, na hata ingekuwa Ramadhani, mgonjwa ameruhusiwa na aliyeifaradhisha. Kidonda kikikaa tupu kinajila chenyewe. Niahidi."

"Nimekuahidi," akasema Nufaili, na siku ile alikusudia kweli.

Bi Lubaba akawa anauleta uji mwenyewe, mara tatu kwa siku, na fimbo yake mkono wa pili, mpaka penye kibanda cha kushonea. Siku ya kwanza Nufaili alikiinua kikombe cha alfajiri, kikafika mdomoni. Pakapita wachunga ngamia wawili. Mmoja akamwambia mwenzake, "Yule ndiye Mfungaji, mwombe dua." Nufaili akakishusha kikombe chini ya hema lililokuwa mapajani. Walipokwisha kwenda, akaumimina uji ndani ya kibuyu, akakitia kizibo, akakisukuma chini ya ubao wa kazi. Akajiambia nafsini, uji ni uleule, nikinywa magharibi nitakuwa nimekunywa. Na cha adhuhuri akakimimina humo humo, na cha alasiri. Vikombe akavirudisha vitupu, na Bi Lubaba akamshukuru Mungu.

Sasa kila mwanamke anayejua jiko anajua uji wa shayiri ukikaa kutwa katika joto la bonde unakuwaje. Unachacha, unafanya povu, unauma ulimi. Huo ndio aliokuwa akiunywa Nufaili kila magharibi, vikombe vitatu kwa mkupuo, juu ya kidonda kilichoshinda na njaa. Siku ya kumi na moja, mbele ya watu barazani, alianguka kwa magoti akatapika, na matapishi yalikuwa meusi.

Watu wakamshika. Mmoja akauliza, "Umekula nini, ewe Mfungaji?"

Akasema, "Uji wa Bi Lubaba."

Neno lile lilikuwa kweli. Lakini kweli ile aliikata nusu, nusu akaificha, na iliyotoka ilikwenda mjini ikafanya kazi ya uwongo. Kabla jua la siku ya pili kupanda, mji mzima ulikuwa ukisema ajuza amemtilia mja wa Mungu sumu, au uzee umemwingia mkononi hajui tena apimalo. Wanawake wakarudisha dawa zake. Wengine hawakurudisha, walizimwaga mlangoni pake azikanyage.

Bi Lubaba hakujibu mtu. Alipika uji kama kawaida, akaenda na fimbo yake mpaka kibandani. Akamkuta Nufaili amelala juu ya singa, midomo imekauka. Harufu ikampokea kabla ya salamu. Akainama kwa taabu, akavuta kibuyu, akakizibua. Kikapumua kama mnyama.

"Tangu siku ya kwanza?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza, bibi."

"Na ahadi?"

Nufaili akageukia ukutani. "Watu wanapita hapa. Miaka kumi na tisa, bibi. Wakiniona nakunywa uji mchana watasema nini?"

Bi Lubaba akakaa kitako, akakiweka kibuyu mbele yake. "Mimi wameshanisema, na bado napumua," akasema. "Sikiliza, mwanangu. Sitamwambia mtu. Ulichoniambia chumbani kwangu kimezikwa, na mimi sifukui. Lakini usiniulize kama nimeridhika, maana nitakuambia kweli." Akaumwaga ule uji uliochacha mchangani, akamwekea uji wa moto, akaenda zake.

Nufaili hakuunywa. Wala hakuumimina kibuyuni. Uliganda kikombeni mpaka nzi wakauona.

Alhamisi Atika aliingia na nguo za kufua kichwani, akazitupa chini. "Mke wa mfua shaba," akasema, "yule mwenye tumbo kama lako. Alikuwa ameshaanza kunenepa kwa uji wa Bi Lubaba. Amesikia habari yako, amemwaga wote. Leo nimemkuta anajikunja mkekani, anauma ushungi, watoto wanamtazama. Nikamwambia kunywa, mama. Akaniambia, ninywe kilichomtapisha Mfungaji?"

Nufaili akainama kuziokota nguo.

"Na kesho baada ya sala ya Ijumaa kadhi anamwita bibi wa watu uani mwa msikiti. Watamzuia asitibu tena. Wewe wanakutaka ukashuhudie." Akachutama mbele ya mumewe. "Nufaili, mimi ni mkeo. Kuna kitu umekikalia. Sikulazimishi uniambie mimi. Ila huyo mwanamke ana watoto wanne."

Wasimulizi wanasema Nufaili hakupata kuingia katika mtihani mgumu kuliko ule. Njaa alikuwa ameizoea, kiu alikuwa ameizoea. Lakini jina lile alikuwa hajawahi kuliweka chini hata siku moja, na alipojaribu kulitua moyoni aliliona limeota mizizi. Hapo ndipo alipoogopa. Akajiuliza miaka ile yote alikuwa akimfungia nani, akakosa jibu la haraka, na kukosa kule kulimliza.

Ijumaa watu wakajaa uani. Bi Lubaba alisimama ameegemea fimbo, amejitanda ushungi wa kijivu. Kadhi, mzee mtaratibu, akauliza, "Ewe Lubaba, je, umempa mtu huyu uji?"

"Nimempa."

"Na ulimwelekeza vipi?"

"Muulize mwenye tumbo," akasema. "Akitaka atakuambia. Langu mimi limefungwa."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Hana la kusema! Uzee huo!" Wengine wakacheka.

Nufaili akainuka, mkono umeshika tumbo. Akasema, "Asalamu alaykum. Enyi watu, bibi huyu aliniambia niache kufunga siku arobaini, ninywe uji wake mara tatu mchana, ungali na uvuguvugu. Nikamwahidi. Kisha nikaona haya mnione nakunywa. Nikaumimina kibuyuni mpaka ukachacha, nikaunywa magharibi. Nilipotapika nikasema uji wa Bi Lubaba, nikanyamaza. Alikuja akakiona kibuyu, akajua, wala hakunifichua. Mmemwagia dawa mlangoni kwa ajili yangu. Na hivi nisemavyo nimefunga, nimefunga kwa ajili ya macho yenu. Atika, nipe."

Atika alikuwa amekuja na kikombe cha uji chini ya ushungi, kama mumewe alivyomwomba asubuhi. Mwanamke yule hakuwa na haja ya kuambiwa mara mbili. Nufaili akakaa chini kama inavyopasa, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akanywa mbele ya mji mzima, jua liko utosini. Uji ukamwagika kidogo ndevuni.

Kisha yule wa nyuma akasema, "Kumbe Mfungaji naye ana njaa!" Safari hii waliocheka walikuwa wengi zaidi.

Kadhi akawanyamazisha. Akamwambia Bi Lubaba arudi akatibu, na waliomwaga dawa mlangoni pake wakasafishe kwa mikono yao. Nufaili hakungoja kusikia lililobaki. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mfua shaba, akasimama nje ya mlango, akamwambia yule mwanamke kwa sauti, "Mama, uji hauna kosa. Kosa ni langu. Kunywa." Na hakuondoka mpaka aliposikia kikombe kimewekwa chini.

Magharibi ya siku ile barazani hapakuja mtu. Wala ya kesho yake. Nufaili alishona mahema yake mlangoni, na kila alfajiri na adhuhuri na alasiri alikunywa kikombe chake hadharani, na wapitao walikuwa na maneno. "Swaumu inaendeleaje, shehe?" huyu anauliza. "Wacha, leo kala mara mbili tu," anajibu yule. Atika alitaka kuwatolea ulimi wake, naye akamzuia. Siku ya ishirini kaa lile likapoa. Siku ya arobaini alikula mkate mkavu na nyama, akalala usiku kucha bila kuamka, na Atika aliyekuwa amekaa akimsikiliza anavyopumua akamhimidi Mola wake.

Yasemwa aliishi miaka mingi baada ya hapo. Watu wakimwuliza kama amerudia kufunga, yeye huwauliza habari za mbuzi wao. Hata Atika, aliyekuwa akimpikia, hakujua tena mumewe amefunga siku gani na amekula siku gani.

Basi, enyi wenye kusikia, tumwombe Mwenyezi Mungu atuponye vidonda vya matumboni, na atuponye zaidi vile tunavyovilisha sifa za watu. Na Yeye ndiye ajuaye saumu ya kila mja.