Wageni wa Sultani Haidari

Hapo zamani, mji wa Ndaoni ulipokuwa bado na ukuta wake mzima, alitawala Sultani Haidari, mtu aliyependa sifa za ukarimu kuliko ukarimu wenyewe. Katika mji huo alikuwamo fundi wa viatu vya makubadhi, jina lake Shekue, fukara asiye na duka. Kwa miaka ishirini na sita alishonea juu ya baraza ya mjane mmoja, Mwana Esha, upande wa kushoto wa mlango, na wateja wakamzoea pale.

Basi siku moja, kwa shauri la Waziri Nasoro, ikapigwa mbiu: njia zote, kingo zake, na kila baraza iliyotokeza njiani, tangu leo ni mali ya Sultani. Atakayeketi hapo au kuweka hata kapu, sharti anunue cheti chenye muhuri. Waziri Nasoro akapita na askari, akamkuta Shekue ana uzi mdomoni.

"Cheti kiko wapi, ewe fundi?"

"Cheti cha nini, bwana Waziri? Mimi nimekalia jiwe."

"Jiwe hilo ni la Sultani."

"Loo! Na Mwana Esha amelifagia miaka yote bila ujira."

Waziri hakucheka. Akachukua nyundo, sindano na ngozi zake zote, akasema, "Usipoleta cheti kufikia Ijumaa, vyote vitatupwa baharini."

Shekue hakuwa na cha kulipia, na bila vifaa vile hakuwa na cha kula. Lakini Ndaoni ilikuwa na desturi ambayo hata maskini hakuivunja: aketiye barazani kwa mtu ni mgeni wake, naye huletewa kahawa na tambuu ya kutafuna kabla ya kuulizwa shida yake. Ikawa Shekue akazunguka mitaani akiwaambia watu, "Ketini, jamaa zangu. Mkiulizwa, semeni mmekuja kwa mwenye baraza."

Alhamisi asubuhi akasimama mbele ya Sultani.

"Bwana wangu, wageni wako wanangoja kahawa."

"Wageni gani?"

"Walioketi barazani kwako. Kwa Mwana Esha wapo kumi na wanne. Wa sokoni sikuweza kumaliza kuwahesabu. Na karibu na forodha yupo nahodha wa Kiarabu, ameshika kikombe kitupu, anauliza kama mwenye nyumba amefiwa."

"Sikuwaalika mimi!"

"Barazani haalikwi mtu, bwana wangu."

"Wafukuzwe!" akasema Waziri.

"Naam, wafukuzwe," akajibu Shekue. "Ila naomba cheti chenye muhuri, kisemacho kwamba Sultani wa Ndaoni amefukuza wageni wake kwa kuogopa kahawa. Nitamsomea nahodha. Kesho anang'oa nanga, na kila bandari watamwuliza habari za huku."

Sultani akaamuru kahawa ipikwe. Madele ya kahawa yakatoka jikoni kwa mfululizo. Watu waliokuwa hawajatoka nje tangu Idi wakatoka siku ile, wakaketi, wakasifu kahawa, wakaomba tena. Adhuhuri mpishi akaja kusema buni imekwisha, na tambuu imebaki majani matupu.

"Wamekwisha kunywa," akasema Sultani. "Sasa waende makwao!"

"Watakwenda, bwana wangu, na alfajiri watarudi. Tena baraza yako ya mtaa wa wahunzi imebomoka pembeni. Wanauliza mwenyewe ataitengeneza lini."

Sultani akamgeukia Waziri wake. "Nasoro, kabla ya mbiu yako, kahawa hii ilikuwa ikitolewa na nani?"

"Na wenye nyumba, bwana wangu."

"Na baraza zikitengenezwa na nani?"

"Na wao hao."

Hapo Sultani Haidari akacheka hata kilemba kikalegea. Akaamuru baraza zirudi kwa wenyewe, vyeti vichanwe, na vifaa vya Shekue virejeshwe kwa mkono wa Waziri mwenyewe, tena kwa miguu.

Basi Waziri Nasoro akabeba nyundo, sindano na furushi la ngozi, jua likiwa utosini, watu wakimpisha njia kwa heshima nyingi kupita kiasi. Alipofika kwa Mwana Esha pumzi zilikuwa zimemwishia, akaketi barazani pasipo kufikiri.

Mwana Esha akatoka na kikombe cha kahawa, akampa kwa mikono miwili, wala hakumwuliza shida yake. Waziri akakipokea, akanywa huku ameukazia macho ukuta wa ng'ambo ya njia.

"Karibu, bwana Waziri," akasema Shekue, aliyekwisha kuketi kushoto kwa mlango, akatia uzi sindanoni.