Mkanda wa Ambakisye

Sogeeni karibu, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele sina hakika kama nafasi itapatikana.

Katika nchi ya Ilongobe, nchi ya baridi na ukungu, palikuwa na majenerali watatu, kila mmoja na kipawa chake. Jenerali Mwalugaja alikuwa na kipawa cha ramani: mpe karatasi tu, atakuonyesha kilima, bonde na mahali pa kuvukia mto, bila kuinuka kitini. Jenerali Sekile, mkuu wa ugavi, alikuwa na kipawa cha taarifa: kwa miaka ishirini hakuwahi kuandika neno "hakuna". Jenerali Kabuje alikuwa na sauti. Akisema "Mbele!", hata mgonjwa wa malaria alijikuta amesimama, anatafuta viatu.

Palikuwa pia na mama mmoja mfumaji, Tulinagwe, ambaye kipawa chake hakikuandikwa popote. Alikuwa na mtoto mmoja, Ambakisye, kijana wa mkono wa kushoto, mpenda ukoko wa ugali kuliko ugali wenyewe.

Sasa ijueni mila ya Ilongobe, maana kesi yote imesimama hapo. Kijana akiingia jeshini, mama yake humfumia mkanda na kumfunga kiunoni kwa mikono yake. Akifa vitani, yule aliyemtuma huurudisha mkanda huo mwenyewe. Hufika mlangoni, huvua viatu, huketi chini, husema maneno mawili: "Nilimtuma mimi." Akishayasema huvua na cheo, wala haongozi jeshi tena maisha yake. Ndipo mama anapozima moto wa jikoni, na matanga yanaanza.

Kabla ya hapo, hata kama kijiji kizima kimeliona kaburi, kijana huhesabiwa yuko safarini. Chakula chake hutengwa kila siku. Na mama yake haruhusiwi kumlilia, kwa sababu anayemlilia msafiri anamchuria. Tena maneno yale husemwa na mtu mmoja tu. Waliotunga mila hiyo walizijua ofisi, hata kabla ofisi hazijajengwa: walikataza mkanda kukabidhiwa na kamati.

Basi ikaja vita. Yaligombewa malisho ng'ambo ya mto Lwisu, malisho ambayo hakuna ng'ombe aliyewahi kuyaulizia.

Jenerali Mwalugaja akachora mpango. Kwenye ramani yake Lwisu ulikuwa mstari mwembamba wa buluu, akapitisha kalamu juu yake: kikosi kivuke hapa, Jumanne. Ramani ilikuwa imepimwa kiangazi. Jumanne ile ilikuwa ya masika.

Jenerali Sekile akaulizwa kama kamba na mitumbwi ya kuvushia vipo. Mitumbwi wakati huo ilikuwa bado ni miti, imesimama msituni na majani yake. Akaandika "Tayari", akagonga muhuri.

Jenerali Kabuje yeye alikuwepo. Aliuona mto kwa macho yake, umejaa, umekuwa rangi ya udongo, unabeba migomba mizima na mizizi yake. Aliona kwamba mitumbwi haipo. Askari wakamtazama. Alikuwa na amri mkononi na maji mbele yake, akachagua kuisoma amri. Akasema "Mbele!" kwa sauti ile, nao wakaingia.

Watu mia tisa na kumi na wawili hawakutoka. Adui aliyekuwa ng'ambo hakufyatua hata risasi moja. Waliorudi wanasema baadhi ya maadui walitupa kamba.

Maji yalipopungua miili ikazikwa ukingoni, na mikanda ikapelekwa mji mkuu ndani ya magunia. Huko ikaundwa Tume. Tume ilikaa miezi saba. Mwezi wa kwanza ilijadili jina lake. Wa pili ilifuta neno "kushindwa" katika karatasi zote, ikaweka "kutofikia malengo". Wa saba ikatoa matokeo ya awali: mto ulikuwa na maji mengi kuliko ilivyotarajiwa. Mjumbe mmoja akapendekeza mto upewe onyo.

Miezi hiyo yote Tulinagwe alitenga ukoko. Kila adhuhuri aliuweka kwenye sahani ya Ambakisye, akaufunika, akasubiri, na jua likipungua akawapa kuku. Kuku wakanenepa, yeye akakonda. Majirani walipokuja kumjulia hali aliwaambia mtoto hajambo, yuko safarini, kisha akaingia ndani na kuuma ncha ya kanga mpaka wakaondoka.

Siku moja akaifunga sahani na ukoko wake ndani ya kitambaa, akatembea siku mbili, akaingia kwenye kikao cha Tume. Karani akamzuia mlangoni. Alitaka kujua ajaze fomu ipi, ya wafiwa au ya ndugu wa wasafiri.

"Kwani wewe mama ni mfiwa?"

"Hilo ndilo nililofuata kuuliza, baba."

Karani akatafuta fomu ya jibu hilo, hakuiona, akampisha.

Mwenyekiti akaagiza mkanda uletwe. Tulinagwe aliutambua kabla haujatoka wote guniani: katikati ya kuufuma uzi mwekundu ulimwishia, akamalizia na wa kahawia, na Ambakisye alimcheka wiki nzima. Akaweka sahani mezani. Akasema hakuja kumfunga mtu wala kudai chochote. Anataka mmoja wa majenerali watatu walioketi pale aseme maneno mawili, yeye arudi nyumbani akalie.

Mwalugaja akasema kwa upole, "Mama, mimi nilichora tu. Ningeambiwa mitumbwi haipo, ningefuta."

Sekile akasema, "Mimi niliandika 'Tayari' kwa sababu mpango ulikwishatiwa sahihi. Na aliyekuwa mtoni aliona mwenyewe kwamba mitumbwi haipo."

Kabuje alipojibu, ile sauti haikuwepo. "Mimi nilikuwa na sahihi ya huyu na muhuri wa huyu. Ningekataa, wangenipiga risasi, na mwingine angesema 'Mbele'." Akatazama sakafu. "Nilimwona, mama. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Alishikilia bunduki juu ya maji kwa mkono huo, mkono ukabaki peke yake, halafu…"

Wote watatu walisema kweli, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wakaomba waende pamoja, na bendi, na barua yenye sahihi tatu. Mila ikakataa.

Mwenyekiti akachukua uamuzi ambao Tume haikuwa imeuweza kwa miezi saba, akampa mama. "Weka mkanda mbele ya mmoja wao. Utakayemwekea atasema, kwako na kwenye milango yote mia tisa na kumi na miwili. Hao wengine wawili watarudi ofisini."

Tulinagwe akasimama na mkanda mbele ya Mwalugaja, kisha mbele ya Sekile. Mbele ya Kabuje alisimama muda mrefu zaidi. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akauzungusha kiunoni mwake mwenyewe.

"Alikuwa hataki kwenda," akasema taratibu. "Aliuogopa mto tangu mdogo. Nikamwambia wenzako wamekwenda, utanitia aibu. Mkanda huu niliufunga mimi."

Karani akashika kalamu. Maneno yale mawili, hayo tu, yakisemwa na yeyote, jalada lingefungwa kabla ya chakula cha mchana. Majenerali watatu, kwa mara ya kwanza siku ile, wakainua vichwa. Naye Tulinagwe akafumbua kinywa.

Nami nawaachia hapo. Mmoja alichora, mmoja akathibitisha, mmoja akatamka, na bila mmoja wao kusingekuwa na aliyezama. Je, wewe ungeuweka mkanda mbele ya nani? Na kama mama yule angeyasema maneno yale, ili tu apate ruhusa ya kulia, ungemwacha karani aandike?

Jibuni bila haraka. Ukoko bado uko mezani.