Mhunzi na Uwanja wa Ndovu

Sogeeni, wajukuu zangu. Nikisema "Palikuwa," nyinyi semeni "Tupeleke." Palikuwa.

Tupeleke.

Basi nawapeleka ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ya Wabembe, zama ambazo hata babu wa babu yangu alizisikia tu. Huko palikuwa na msitu. Si kichaka hiki mnachookota kuni. Mtu anaingia, anatembea, jua halioni. Anatembea tena, jua halioni. Siku ya tatu amesahau kama ana kivuli.

Nje ya msitu aliishi mhunzi, jina lake Wilondja. Neno lake liliaminiwa kijiji kizima. Akisema mvua inakuja, watu wanaanua mihogo. Na yeye alipenda sana kuaminiwa.

Kila kiangazi mama mmoja wa Kitwa, Nakasila, mwenyeji wa msitu ule, alimletea asali akaondoka na visu. Mwaka mmoja akamwambia, "Mhunzi, visu vyako vimekaa sana kwetu. Wewe hujafika. Twende."

"Kuna nini huko?"

"Kuna uwanja. Utauona."

Wakatembea siku sita. Wakavuka mito, wakavuka matope, wakapanda ulingo juu ya mti mkubwa. Chini palikuwa na uwanja wa tope lenye chumvi, mbingu wazi juu yake.

Wakaja nyati wekundu. Wakaja kasuku, wengi hata matawi yakainama. Akaja sokwe mkubwa mwenye mgongo wa mvi, akaketi ukingoni akitafuna majani. Wakaja ndovu, mama mbele, ndama nyuma, wakapiga magoti, wakachimba chumvi kwa mikonga.

Wewe wa nyuma, acha kumsukuma mwenzio. Ndovu hupiga magoti, ndiyo.

Wilondja alikaa ulingoni siku tatu. Machozi yalimtoka na hakujua ni ya nini.

Wakati wa kuagana Nakasila akasema, "Ukifika kwenu utasimulia, najua. Hawataamini. Waache wasiamini. Sina sharti jingine."

"Hilo tu, mama?"

"Hilo tu. Ni zito kuliko unavyodhani."

Wilondja akarudi, akasimulia. Watu wakacheka. Mwami, mtawala wao, akasema, "Mhunzi wangu amekula uyoga mbaya." Tangu hapo, akisema mvua inakuja, watu wanaacha mihogo juani wakitazamana.

Mkewe, Mwashite, akamwambia, "Baba, kuchekwa hakuui. Watachoka."

Akavumilia mwezi. Akavumilia mwezi wa pili. Wa tatu akasimama mbele ya Mwami, akasema, "Nipe watu kumi nikawaonyeshe."

Na nyinyi mngefanyaje? Msijibu haraka.

Wale kumi walikwenda na mikuki, na mikuki ile aliifua Wilondja mwenyewe. Wakapanda ulingoni, wakaona. Mmoja akamgusa bega, akasema, "Sasa tumekuamini, mhunzi." Kisha wakashuka.

Siku mbili waliua. Waliua ndovu saba, wakamuua na sokwe, ambaye hakuwa na pembe wala kitu cha kuchukuliwa. Wanyama waliobaki wakaondoka. Uwanja ukabaki mtupu.

Kijijini Wilondja alipewa kiti karibu na Mwami. Akakikalia. Chakula hakikupita kooni. Siku ya nne alichukua panga, akamwambia Mwashite anakokwenda, akaingia msituni peke yake.

Alimkuta Nakasila mbele ya kibanda chake. Yule mama akampa maji, akampa ndizi za kuchoma, kama mgeni yeyote. Alipomaliza kula akamuuliza, "Umekuja kutazama nini?"

"Sikuja kutazama."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Wilondja akachukua panga lake. Akaenda uwanjani. Kumbe bila miguu ya ndovu msitu ulikuwa umeanza kuumeza: nyasi hadi vifundoni, miche inachipua kila mahali. Akainama, akaanza kukata. Jioni akalala. Asubuhi akakata.

Akakata mwaka. Mwaka wa pili Mwashite alimfuata, akajenga kibanda, akakata naye. Mwaka wa tatu, hakuna mnyama aliyerudi. Wa tano, hakuna. Wa nane, kasuku wachache, wakaondoka.

Mwaka wa tisa, asubuhi ya ukungu, ndovu jike alisimama ukingoni, kovu la mkuki begani, ndama ubavuni. Akainua mkonga, akanusa muda mrefu. Mwashite alimshika mumewe mkono. Ndovu akaingia, akapiga magoti, akachimba.

Alipokwisha kuondoka, Nakasila, mzee sasa, akatoka mitini, akauliza, "Utakwenda kuwaambia kwenu?"

Wilondja akafuta panga lake kwa jani. "Nina kazi, mama. Miche imeota upande ule."

Wajukuu, mtakaribishwa katika nchi za watu, mtaonyeshwa mambo. Si yote mtakayoonyeshwa ni ya kuwathibitishia wengine. Mtu akiitwa mwongo kwa neno la kweli huumia, lakini hula na kulala. Wilondja alipoaminiwa ndipo aliposhindwa kula.

Kisa kimetua mzigo wake hapa. Atakayeubeba, aubebe taratibu.